Canon EOS R10 kazini Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kasi na utendaji wake

Tangu nianze kutumia kamera hii kwenye harusi, mahafali na mechi hapa mjini, wapiga picha wenzangu wananiuliza mambo yaleyale. Wengi wao bado wako na DSLR za Canon, zile kamera zenye kioo ndani: 700D, 200D, 6D. Nimeyakusanya maswali yao na majibu yangu mahali pamoja. Haya ni maoni ya mwanzo, na nasema msimamo wangu mapema: kilichobadilisha kazi yangu ni fokasi. Ile namba ya picha 15 kwa sekunde inayotangazwa kila mahali ni nzuri, ila peke yake haikuletei picha.

Ni kamera ya aina gani hasa?

Ni kamera isiyo na kioo ndani (mirrorless). Canon waliitangaza Mei 2022. Sensa yake ni APS-C, ndogo kuliko ile ya fremu kamili, yenye megapikseli 24.2, prosesa ni DIGIC X, na ikiwa na betri na kadi ndani ina uzito wa gramu 429. Sehemu ya kadi ni moja tu, na hilo nitalirudia kwa sababu kwa wapiga picha wa harusi si jambo dogo.

Uzito huo nao ni sehemu ya kasi. Aliyezoea kuning'iniza DSLR nzito kama 5D shingoni kuanzia ibada ya asubuhi mpaka ukumbini usiku wa manane anajua mkono unavyochoka. Mkono uliochoka huchelewa kuinua kamera, na picha inapita hivihivi.

Ukiiwasha, inachukua muda gani mpaka upige?

Nusu sekunde hivi. Ukishaizungusha swichi na kuinua kamera mpaka jichoni, imeshakuwa tayari kupiga. Hapo sina malalamiko.

Tofauti na DSLR iko kwenye kulala. Kwenye DSLR ukichungulia unaona hata kamera ikiwa imezimwa, maana unachokiona ni mwanga unaopita kwenye lenzi na kioo. Kwenye R10 unachungulia kioo kidogo cha kielektroniki, na kamera ikilala kinakuwa cheusi. Dawa yake ni kubonyeza nusu kitufe cha kupigia wakati unainua kamera, siyo baada ya kuifikisha jichoni. Ikishaingia mkononi kama mazoea, hutaona tena hicho cheusi. Pia ingia kwenye menyu uongeze muda wa kujizima. Kwa kazi za harusi muda mfupi sana ni usumbufu.

Hizo picha 15 kwa sekunde ni za kweli?

Ni za kweli, na zinapatikana kwa shata ya kawaida, ile ya pazia linalofunguka na kufunga. Kwa shata ya kielektroniki zinafika 23. Ili uone ukubwa wa tofauti: 2000D inapiga 3 kwa sekunde, 6D inapiga 4.5, 700D inapiga 5, na 7D Mark II, iliyokuwa kamera ya mechi kwa wengi wetu, inapiga 10.

Lakini kasi hiyo ina masharti, na wauzaji hawayasemi. Betri ikishuka, kasi inapungua. Ukiwasha flashi, inapungua. Ukiwasha ule mpangilio wa kuzuia mpepeso wa taa, inapungua. Lenzi nyingine za zamani nazo zinaivuta nyuma. Na kuna lile ambalo halihitaji ufundi kulielewa: ukiwa gizani na shata yako iko 1/10 ya sekunde, hakuna kamera duniani itakayokupa picha 15 ndani ya sekunde hiyo moja.

Binafsi mara nyingi naiweka kwenye kasi ya kati. Wahitimu wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) wanaporusha kofia juu, hapo naipandisha mpaka mwisho, kwa sababu kofia zinakuwa zimetawanyika vizuri kwa kitambo kidogo mno, na kabla au baada ya hapo unapata vichwa na mikono tu. Kwa keki, pete na maandamano ya kuingia ukumbini, picha 15 kwa sekunde ni kujiongezea kazi ya kuchambua usiku kucha.

Mbona baada ya muda mfupi inakwama na kuanza kupiga kwa kusuasua?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na jibu lake liko kwenye hesabu.

Picha moja ya RAW, yaani faili lenye data yote ya sensa kabla ya kuhaririwa, kwenye kamera hii inakaribia MB 28. Zidisha kwa 15: ni kama MB 420 kila sekunde. Hakuna kadi ya SD inayomeza kiasi hicho. Kwa hiyo kamera inazirundika kwanza kwenye hifadhi yake ya muda, huku ikizimwaga kidogo kidogo kwenye kadi. Hifadhi hiyo ikijaa, kamera inasubiri kadi. Kwa RAW kamili inajaa baada ya kama sekunde mbili za kubonyeza bila kuachia. Kwa JPEG, faili dogo lililokwisha kubanwa, unaweza kubonyeza muda mrefu bila kuona dalili ya kukwama.

Sasa angalia kadi yako. Alama ya V30 maana yake kadi imehakikishiwa kuandika angalau MB 30 kwa sekunde bila kushuka. V60 ni MB 60, V90 ni MB 90. Kuna na suala la njia yenyewe: kadi za UHS-I kwa kiwango chake rasmi mwisho ni MB 104 kwa sekunde, na za UHS-II zinaweza kufika MB 312. Ukigeuza kadi ya UHS-II nyuma utaona safu mbili za vijiti vya shaba badala ya moja. R10 inazipokea UHS-II, na hapo ndipo pesa yako ya kwanza ya ziada inapopaswa kwenda, kabla hujafikiria mfuko mzuri au mkanda wa ngozi.

Ile namba kubwa iliyochapwa mbele ya kadi, sijui MB 170, sijui MB 200, mara nyingi ni kasi ya kusoma, yaani ya kuhamishia picha kwenye kompyuta. Haikusaidii wakati bibi harusi anarusha shada la maua.

Kuna njia ya bure pia. Kwenye menyu kuna aina ya RAW iliyobanwa, inaitwa CRAW. Faili linakuwa karibu nusu ya RAW kamili, na mfululizo unarefuka sana. Nimelinganisha picha za aina zote mbili kwenye kompyuta na kwa kazi ya harusi sijaona sababu ya kurudi kwenye RAW kamili.

Nikinunua kadi mtaani nitajuaje si feki?

Kabla ya kuipeleka kazini, ijaze yote. Kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw. Kwenye Mac na Linux kuna F3. Zinaandika data mpaka kadi ijae, kisha zinaisoma tena na kukuambia ukubwa wake wa kweli na kasi yake ya kweli. Kadi iliyoandikwa GB 128 huku ndani ina 16 itaonekana hapo. Kwa kamera yenye sehemu moja ya kadi, jaribio hili usilikwepe hata kama muuzaji ni rafiki yako. Harusi ya watu hairudiwi.

Fokasi yake ikoje ukilinganisha na DSLR?

Hapa ndipo nilipoona kwamba nimeshika kitu kingine kabisa.

Kwenye 6D una nukta 11 za fokasi zilizokusanyika katikati, na ya kuaminika ukiwa kwenye mwanga hafifu ni ile ya katikati. Kwa hiyo unaweka nukta usoni, unashikilia kitufe, unapanga fremu upya, unapiga. Mtu akiwa amekaa kwenye kiti, sawa. Akicheza, ameshasogea kabla hujamaliza kupanga. Kwenye R10, ukiiambia ifuate watu, fokasi inatumia karibu eneo lote la fremu, inatafuta jicho na kukaa nalo hata likiwa pembeni kabisa. Kazi yako inabaki kupanga picha na kuchagua wakati.

Nilivyoijua vizuri ni kwenye ngoma ya muheme, sherehe moja upande wa Chamwino. Akina mama wa Kigogo wanabana ngoma katikati ya mapaja, wanazipiga kwa viganja huku miili ikinesanesa, shanga zikiruka mpaka kidevuni, na mkono ukipita mbele ya uso kila baada ya pigo. Kwa fokasi ya zamani, mkono ukipita mbele ya uso, kamera inaukimbilia mkono, na uso unatoka na ukungu. Hapa kisanduku kidogo kilibaki usoni; mkono ulipita, ukaondoka, jicho likashikwa tena. Si kila mara, lakini mara nyingi kiasi kwamba niliacha kuwa na wasiwasi na kuanza kutazama mapigo. Ngoma ilipotulia, mama mmoja mpigaji akaniita, "Mwanangu, hebu nijione." Nikamkuzia picha kwenye kioo cha nyuma. Vumbi lilikuwa limekaa juu ya kope zake, punje moja moja, na kila punje inaonekana. Akacheka, akamwita mwenzake aje aone.

Miwani haiisumbui sana. Shela la bibi harusi likiwa limeshushwa usoni huisumbua: mara inashika jicho, mara inashika kitambaa. Hapo nahamia kwenye nukta moja ndogo na kuiweka mwenyewe.

Inafuata vitu vingine, au watu tu?

Kuna watu, kuna wanyama, yaani mbwa, paka na ndege, na kuna magari na pikipiki. Canon walilenga mashindano, lakini bodaboda inayokuja barabarani inashikwa vizuri tu. Mbuzi na ng'ombe hawamo kwenye orodha. Ukiiweka kwenye wanyama wakati mwingine huwakamata usoni, ila usiitegemee. Kwa ndege wa kwenye maji kule Bahi ni raha. Ndege akiruka kutoka majanini, kisanduku kinamfuata mpaka angani, mradi usimpoteze mwenyewe kwenye fremu.

Ukumbini usiku, taa zikipunguzwa, bado ina kasi hiyo?

Inategemea umeweka lenzi gani, na hapa wengi wanailaumu kamera bure.

Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera hii, RF-S 18-45mm, ukiivuta mpaka 45 inafunguka f/6.3 tu (namba hii ikiwa ndogo, mwanga unaingia mwingi). RF 50mm f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara 12 zaidi ya hiyo. Kamera inafokasi kwa kutumia mwanga huohuo unaopita kwenye lenzi, kwa hiyo usishangae MC akizima taa ili maharusi waingie, kisanduku kikaanza kuhama kutoka jichoni kwenda usoni, kisha kwenda kwenye kitu chochote chenye kung'aa. Ukiweka 50mm kwenye kamera ileile, ukumbi uleule, jicho linashikwa tena.

Ngozi zetu nyeusi kwenye ukumbi wenye taa za zambarau ni mtihani kwa kamera yoyote. Ninachofanya ni kuzungumza na mtu wa taa mapema, kabla wageni hawajakaa. "Kaka, wakati wa kuingia nisaidie taa moja nyeupe pale mlangoni, hata iwe hafifu." Mara nyingi anakubali, na taa hiyo moja inasaidia fokasi kuliko mpangilio wowote wa kwenye menyu.

Flashi ni kikwazo kingine cha kasi. Ukiipiga kwa nguvu zote inahitaji sekunde kadhaa kujijaza. Pandisha ISO, yaani wepesi wa sensa kupokea mwanga, mpaka 1600 au 3200, punguza nguvu ya flashi, uielekeze juu kwenye dari au kwenye hema jeupe. Itawahi kujaa na utapiga picha mbili tatu mfululizo bila giza katikati. Ile flashi ndogo ya juu ya kamera iache kwa dharura.

Jambo jingine la kujua: ndani ya mwili wa kamera hamna kitulizaji cha mtikisiko. Lenzi nyingine zinacho, RF 50mm f/1.8 haina. Kwa watu wanaocheza haileti tofauti, kwa sababu utahitaji shata ya 1/250 kwa vyovyote. Kwa picha ya ukumbi mtupu uliopambwa, shika vizuri au tumia stendi.

Nimepiga kimyakimya kanisani, picha zikatoka na mistari myeusi. Kamera mbovu?

Si mbovu. Ulikuwa kwenye shata ya kielektroniki. Shata hiyo haina kitu kinachofunguka na kufunga. Sensa inasomwa mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na usomaji huo unachukua muda. Umeme wetu ni wa 50 Hz, kwa hiyo taa nyingi zinapepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, sensa inaona: mistari iliyosomwa taa ikiwa juu inang'aa, iliyosomwa taa ikiwa chini inafifia.

Rudi kwenye shata ya kawaida na uwashe kizuia mpepeso. Ukilazimika kupiga kimya, weka 1/100 au 1/50 na upige jaribio moja kabla ibada haijaanza. Zile taa za rangi za jukwaani zina mpepeso wa aina yake, na dawa hii huenda isizifae. Kwa hizo, shata ya kawaida tu.

Usomaji huohuo wa mstari kwa mstari ndio unaopindisha vitu vinavyokwenda kasi. Panda treni ya SGR kutoka Dar es Salaam kuja Dodoma, ile iliyoanza safari zake mwaka 2024, kaa dirishani, upige nje kwa shata ya kielektroniki. Nguzo za umeme za kando ya reli zitatoka zimelala kama zimesukumwa na upepo. Treni ikiwa kwenye kasi yake ya juu ya kilomita 160 kwa saa, inapita zaidi ya mita 40 kila sekunde. Wakati sensa imefika chini ya picha, nguzo imeshahama. Kwa shata ya kawaida zinasimama wima. Ndiyo maana zile picha 23 kwa sekunde nazitumia kwa nadra sana, na kwenye mpira sizitumii kabisa.

Ule mfululizo wa picha 30 kwa sekunde unaoanza kabla hujabonyeza ni nini?

Ni RAW ya mfululizo wa haraka. Ukibonyeza nusu, kamera inaanza kuhifadhi kwa muda, na ukimalizia kubonyeza inakupa na nusu sekunde ya kabla. Ni kitu kizuri kwa ndege anayeruka. Ila inatumia shata ya kielektroniki, na picha zote zinafungwa ndani ya faili moja ambalo lazima ulifungue baadaye na kuzitoa unazozitaka. Kwa harusi, hapana.

Kwenye mechi pale Jamhuri inafaa?

Inafaa, hasa kwa bei yake. Sensa ya APS-C inazidisha lenzi kwa 1.6, kwa hiyo RF 100-400mm inakuwa sawa na 160-640 ya fremu kamili. Ukiwa umekaa nyuma ya goli unamfikia mchezaji aliye katikati ya uwanja bila shida.

Mechi ya saa kumi jioni inaanza na jua la kutosha na shata ya 1/1000 haina tatizo. Lenzi hiyo lakini inafunguka f/8 tu ukiivuta mwisho, na kuelekea saa kumi na mbili utaona ISO inapanda kwa haraka. Kinachosumbua zaidi ni kisanduku kumhama mshambuliaji na kumrukia beki au mwamuzi aliyekatiza mbele. Kwenye menyu ya fokasi ya Servo, ile inayoendelea kufuata kitu kinachosogea, kuna mipangilio ya kuiambia kamera isiharakishe kuhama. Iteue hiyo, na anza kumfuata mchezaji mapema, kabla mpira haujamfikia. Ukisubiri krosi ipigwe ndipo ubonyeze nusu, umeshachelewa na kamera yoyote.

Lenzi zangu za zamani za EF, zile za DSLR, zitaenda?

Zitaenda kwa adapta ya EF-EOS R. Haina vioo vya lenzi ndani, kwa hiyo ubora haupungui, na fokasi ya kufuata macho inafanya kazi. Mwendo utategemea mota ya lenzi. EF 70-200mm f/2.8 ya mota ya USM, mota ya haraka ya Canon, inakwenda kana kwamba imezaliwa na kamera hii. EF 50mm f/1.8 II, ile ya mwaka 1990 yenye kelele, inafokasi kwa usahihi kuliko ilivyokuwa kwenye DSLR, ila haifokasi haraka zaidi. Mota ni ileile. Usiuze lenzi zako nzuri kwa sababu umenunua kamera mpya. Nunua adapta kwanza.

Betri inakaa?

Hapa DSLR inashinda, na haina ubishi. Kioo cha kuchungulia kinakula umeme muda wote kamera ikiwa macho, hata kama hupigi. Betri ni LP-E17 ya mAh 1040, ndogo. Kwa harusi ya kutwa beba angalau tatu. Habari njema ni kwamba betri hiyohiyo iko kwenye 200D, 750D na 800D, kwa hiyo wenye kamera hizo wana akiba tayari. Wa 700D na 6D watanunua upya.

Inachaji pia kwa USB-C ikiwa chaja ni ya PD (Power Delivery). Wakati wageni wanakula, naichomeka kwenye pawabenki na kula nami.

Vumbi na jua la Dodoma je?

Kiangazi chetu, kuanzia Juni mpaka Oktoba, upepo haupumziki, na R10 haijazibwa dhidi ya vumbi kama zile za juu. Tena ukitoa lenzi, sensa iko palepale mlangoni, hakuna kioo cha kuikinga. Badilisha lenzi ndani ya gari au ndani ya jengo, mdomo wa kamera ukiangalia chini, kamera ikiwa imezimwa. Kwenye viwanja vya Nanenane kule Nzuguni sibadilishi lenzi kabisa; natoka nyumbani na RF-S 18-150mm, na hiyo inamaliza siku.

Joto: Canon wanaipa kamera ukomo wa nyuzi 40. Hewa ya Dodoma haifiki huko kwa kawaida, lakini kamera nyeusi iliyoachwa kwenye dashibodi ya gari inapita hapo upesi. Kwenye jua kali sahau kioo cha nyuma, hutaona kitu, chungulia.

Video?

4K ya fremu 30 kwa sekunde ni safi sana, inatokana na data ya 6K. 4K ya fremu 60 inakata pembeni, kwa hiyo chumba kidogo kitakubana. Inarekodi mpaka saa mbili mfululizo, siyo zile dakika 29 za DSLR. Kwa mpiga video wa harusi anayeshika kamera mkononi, kukosekana kwa kitulizaji ndani ya mwili ni sababu ya kutosha ya kuangalia Canon R7, ambayo inacho.

Kompyuta yangu itahimili?

Picha za RAW ziko kwenye umbo la faili la CR3. Programu za zamani, mfano Lightroom 6, hazilifungui. Canon wanatoa bure Digital Photo Professional, inafungua kila kitu ingawa haina haraka. Tatizo kubwa ni wingi. Kamera inayopiga 15 kwa sekunde itakuletea maelfu ya picha kutoka harusi moja, na mteja amelipia mia kadhaa. Chambua kwanza, futa, ndipo uanze kuhariri. Kazi ikichelewa kumfikia mteja, kasi yote ile haina faida.

Nina 700D na inafanya kazi. Nibadilishe?

Ukiwa na studio, unapiga pasipoti na picha za familia kwa taa zako, sikushauri. Megapikseli utakazoongeza mteja hataziona, na mtu aliyekaa kwenye stuli hahitaji kufuatwa. Weka pesa kwenye taa na lenzi.

Ukiwa mtu wa harusi, ngoma, michezo au watoto, badilisha ukiweza. Utapoteza picha chache sana kwa ukungu. Na ukiwa mtu wa harusi peke yake, kazi kubwa za pesa nyingi, fikiria sana lile suala la kadi moja. Mimi kwenye kazi hizo bado nakwenda na kamera ya pili, na msaidizi anapiga matukio yote makuu sambamba nami.

Nikienda dukani kuijaribu, niangalie nini?

Nenda na kadi yako. Mwombe muuzaji utoke naye mpaka mlangoni, weka kamera kwenye kufuata magari na pikipiki, Servo, 1/1000, upige bodaboda inayokuja mpaka ikupite. Zikuze moja moja uone ngapi zimeshika. Rudi ndani, weka RAW, bonyeza bila kuachia mpaka ikwame, kisha angalia taa nyekundu ya kadi inachukua muda gani kuzima. Huo ndio mwendo wa kadi yako. Piga picha mbili chini ya taa za duka, moja kwa kila shata, uone mistari. Mwishowe mwombe mtu ajipitishie mkono usoni mara kadhaa huku unampiga.

Ukisharidhika, omba risiti yenye namba ya kamera na uilinganishe na ile iliyoko kwenye mwili wake. Ukifika nyumbani, pakua toleo jipya la programu ya kamera kutoka tovuti ya Canon, na uifomati kadi ndani ya kamera yenyewe kabla ya kazi ya kwanza.